Mwenye Farasi na Saisi: Msamiati wa Kiswahili kama Ushahidi wa Historia ya Mbio za Farasi Nairobi

Historia ya mbio za farasi nchini Kenya kwa kawaida huandikwa kutokana na kumbukumbu za wenye farasi. Karatasi ya mashindano hutaja jina la farasi, wazazi wake, mwenyewe, mkufunzi, mpandaji, rangi za mavazi ya mpandaji na uzito utakaobebwa. Aliyemlisha farasi huyo, akamsugua na kumkesha alipougua, hatajwi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo la maandishi laweza kuzibwa, kwa kiasi fulani, kwa ushahidi wa lugha.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba farasi ni mgeni katika Afrika ya Mashariki. Nyikani aliuawa na maradhi ya mbung'o, na penye joto na unyevu aliuawa na maradhi mengine yaenezwayo na visubi. Pwani alikuwako, lakini kwa uchache, akiwa mnyama wa fahari. Mizigo ilibebwa na punda. Ndiyo maana mnyama wa mwituni mwenye milia aliitwa punda milia, wala hakufananishwa na farasi. Neno farasi lenyewe lina asili ya Kiarabu, na hali kadhalika lijamu, hatamu, na saisi, yaani mtunza farasi. Lakini tandiko limetokana na kitenzi cha Kibantu, kutandika, na kikuku cha kukanyagia ni neno lile lile la pambo la mguuni. Hivyo reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Kiswahili kilikuwa tayari na maneno ya kumhudumia farasi.

Farasi wa mbio waliopendwa na walowezi walikuwa wa nasaba iliyoandikwa katika daftari maalumu, lililoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791. Kwa upande wa baba, nasaba hiyo yote hurudi kwa madume watatu waliotoka nchi za Mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria, akapelekwa Uingereza mwaka 1704. Basi mnyama na sehemu kubwa ya msamiati wake walitoka Uarabuni kwa njia mbili mbalimbali, wakakutana katika nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20.

Kabla ya uwanja wa Ngong kufunguliwa mwaka 1954, mbio za Nairobi zilifanyika upande wa mashariki wa mji, karibu na Kariokor. Barabara iitwayo Race Course Road ingali huko, mbali sana na Ngong. Nalo jina Kariokor ni matamshi ya wenyeji ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Majina hayo mawili yanakaa jirani: moja la starehe ya waliomiliki, jingine la taabu ya waliobeba.

Mgawanyo huo huo huonekana katika siku ya mbio yenyewe. Farasi bora hupewa uzito mkubwa zaidi ili wadhaifu nao wapate nafasi. Wapandaji hupimwa kabla ya mbio, na hupimwa tena baada yake. Watu hucheza kamari, na kombe hukabidhiwa mwenye farasi. Lakini anayemzungusha farasi mbele ya watazamaji, akimshika lijamu, ni saisi. Maneno ya uwanjani, kama joki na resi, yametoka katika Kiingereza; maneno ya bandani ni ya Kiswahili cha zamani.

Hapa pana tahadhari. Walowezi nao walikuwa na neno lao la saisi, ambalo Waingereza walilichukua India, nalo asili yake ni hiyo hiyo ya Kiarabu. Kwa hiyo neno hilo peke yake halithibitishi kwamba kazi ya bandani ilirithi istilahi za pwani. Uzito wa hoja umo katika msamiati mzima: lijamu, hatamu, tandiko na kikuku havikuhitaji kupitia kinywa cha mlowezi.

Ni masaisi wachache waliobahatika kuandikwa. Arap Ruta anajulikana kwa sababu Beryl Markham, mkufunzi wa farasi na rubani, alimweleza katika kitabu chake West with the Night cha mwaka 1942. Walikua pamoja Njoro, na baadaye Ruta akafanya kazi katika mabanda yake ya farasi. Hata hivyo anajulikana kwa kalamu ya mwingine, na kwa lugha ya mwingine.

Wakati huo huo, maneno ya bandani yameenea kuliko farasi mwenyewe. Tanzania, katika enzi ya chama kimoja, ilisemwa kwamba chama kimeshika hatamu, na waliosema hivyo wengi wao hawakupata kumpanda farasi. Lugha imehifadhi ujuzi ambao karatasi za mashindano hazikuuhesabu. Kazi iliyobaki kwa wanaisimu na wanahistoria ni kwenda mabandani Ngong na kukusanya usemi wa masaisi wenyewe: wanavyomwita farasi mwenye hofu, mwenye kiburi, mwenye kuchechemea. Majina ya wamiliki yamekwisha hifadhiwa. Usemi huo, usipoandikwa, utazikwa pamoja na wasemaji wake.