Makaburi Mashuhuri na Kumbukumbu za Vita, Bungoma na Kitale

Makaburi mashuhuri na kumbukumbu za vita za Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya, zimetawanyika vilimani, katika mashamba ya watu binafsi na katika vituo vilivyokuwa vya serikali ya kikoloni. Ni chache mno zilizomo katika viwanja vya makaburi vya mijini. Eneo linalozungumziwa hapa ni kaunti mbili za Bungoma na Trans Nzoia, chini ya Mlima Elgon, lenye Wabukusu, Watachoni, Wasabaoti na jamii nyingine zilizohamia baada ya uhuru. Anayefika huku akitafuta safu za mawe yaliyopangwa sawasawa, kama zile za makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, atarudi mikono mitupu. Anayeuliza wazee ataonyeshwa mengi.

Mazishi ya nyumbani

Kwa desturi ya jamii hizi, mwenye boma huzikwa bomani kwake. Uwanja wa makaburi wa mji huachiwa wageni, wasio na ardhi na maiti waliokosa mwenyewe. Kaburi la Mbukusu la zamani halikuwa na kina kirefu, na marehemu alilazwa miguu ikielekea magharibi, jua linakotua. Zipo koo chache zilizomzika mtu wao akiwa ameketi. Siku hizi kaburi la mwenye uwezo hujengwa kwa saruji na kuvikwa vigae, likaandikwa jina na tarehe mbili. Huwa hatua chache tu kutoka mlangoni, kuku wanaparua kandokando, na mahindi huanzia pale vigae vinapokomea.

Trans Nzoia kaburi lina kazi nyingine. Ardhi hii ilitwaliwa na walowezi, na wengi wao walikuwa askari wa Uingereza waliogawiwa mashamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya 1963 familia nyingi kutoka Bungoma na kwingineko ziliingia katika mashamba hayo, nyingine kwa mipango ya serikali ya makazi, nyingine kwa kuchanga fedha na kununua. Mzee wa kwanza alipozikwa huko badala ya kurudishwa alikozaliwa, familia ilikuwa imetangaza kwamba haihami tena. Hadi leo mzozo wa shamba ukizuka, kaburi la babu hutajwa kabla hatimiliki haijatolewa kabatini.

Walowezi wenyewe walizika wafu wao mjini Kitale na baadhi mashambani. Mji ulipanuka hasa baada ya reli kufika mwaka 1926. Aliyeacha alama kubwa kuliko jiwe la kaburi ni Luteni Kanali Hugh Stoneham, mkusanyaji wa wadudu, ndege na vitu vya kale, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi katika miaka ya 1920. Alifariki mwaka 1966 na kuacha wasia kwamba mkusanyo wake uwe mali ya umma. Ndio uliozaa Makumbusho ya Kitale ya leo. Karibu na Kilabu cha Kitale upo mviringo wa mawe unaosimuliwa kuwa masalia ya zizi walimofungiwa watumwa wa misafara. Ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli, basi hiyo ndiyo kumbukumbu ya mateso iliyo kongwe kuliko zote mjini, na wacheza gofu hupita kando yake.

Chetambe na Lumboka, 1895

Uwanja wa vita mkubwa wa eneo hili uko juu ya kilima cha Chetambe, kinachoutazama mji wa Webuye. Ngome hiyo ilipewa jina la Mtachoni aliyeitwa Chetambe. Ilijengwa kwa mtindo wa ngome nyingi za Wabukusu na Watachoni wa karne ya 19: ukuta wa udongo uliozunguka nyumba na zizi, na nje yake handaki refu. Zilijengwa kwa ajili ya kujikinga na majirani wavamizi, na kwa vita vya mikuki zilifaa sana.

Mwaka 1895 wavamizi walikuwa wa aina nyingine. C. W. Hobley, aliyewakilisha utawala wa Uingereza akiwa Mumias, alidai Wabukusu warudishe bunduki zilizokuwa mikononi mwao. Kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzifuata kiliangamizwa. Ndipo likaundwa jeshi la kulipiza kisasi: askari wa Kisudani wakiongozwa na Meja William Grant kutoka Uganda, wapiganaji wa Baganda, na washirika wa karibu wakiwemo Wawanga. Ngome ya Lumboka, upande wa mji wa Bungoma wa leo, ndiyo iliyoanza kuanguka. Walionusurika walikimbilia Chetambe wakiwa na wake zao, watoto na mifugo. Chetambe nayo ikavunjwa. Ng'ombe walichukuliwa, na wanawake na watoto wengi wakatekwa.

Hobley aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1929. Walioshindwa hawakuwa na mwandishi, kwa hiyo waliouawa ndani ya handaki hawana orodha ya majina popote. Kilichobaki ni kilima chenyewe, mstari wa handaki unaoonekana pale majani yanapokatwa, na masimulizi ya koo zinazosema fulani wetu alikufa pale.

Ibada ya kwanza kubwa ya kuwakumbuka ilifanywa na Elijah Masinde. Mwaka 1947 kiongozi huyo wa Dini ya Msambwa, vuguvugu la kidini lililopinga ukoloni, aliwapandisha wafuasi wake kwa maelfu hadi Chetambe, wakatoa sadaka kwa ajili ya mashujaa wa 1895. Ilikuwa imepita miaka 52, na bado walikuwepo wazee walioyaona mapigano hayo wakiwa watoto. Serikali ya kikoloni ilielewa vizuri maana ya mkusanyiko ule, pengine kuliko wengi wanaopita leo kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale bila kuinua macho.

Vita vikuu viwili

Hakuna pigano la Vita Kuu ya Kwanza lililofanyika Bungoma wala Kitale, lakini watu wake walikwenda. Walichukuliwa kuwa askari wa King's African Rifles (KAR, au Keya) na, kwa wingi zaidi, wapagazi wa kikosi cha Kariakoo waliobeba risasi na vyakula hadi ndani ya Tanganyika, ambako maradhi na njaa viliwaua kuliko risasi. Waliozikwa, walizikwa kando ya njia. Sanamu ya watu watatu iliyoko Kenyatta Avenue, Nairobi, inawakumbuka kwa jumla bila jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao wamo wapagazi kutoka magharibi mwa Kenya.

Vita vya pili viliwapeleka mbali zaidi. Vijana wa eneo hili walipigana Abisinia na baadaye Burma, wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944. Wengine walikuwa Panyako, kikosi cha kuchimba barabara na kujenga madaraja. Meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mtu aliyezama vile hawezi kuwa na kaburi, na wasio na kaburi huandikwa kwenye minara ya Nairobi na ya Taukkyan, Burma. Nyumbani walikumbukwa kwa njia nyingine: wapo wazee wa magharibi mwa Kenya wanaoitwa Keya au Panyako kwa sababu walizaliwa wakati vita vikiendelea.

Kumuse

Hakuna mnara wa kumbukumbu Bungoma unaozidi kumuse. Hii ni hotuba ya hadhara inayotolewa baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima, kwa kawaida siku ya tatu, asubuhi. Anayeitoa huitwa omuswali, na kazi hiyo hurithiwa katika koo maalumu, haigombewi. Waombolezaji huketi kwa pande, wakaacha njia katikati. Omuswali huenda na kurudi katika njia hiyo akiwa na fimbo mkononi, na hakuna anayeruhusiwa kuikata njia yake mpaka amalize. Hutaja chanzo cha kabila kutoka Misri, safari za mababu, koo na ngome zao, nani alipigana na nani, nani aliuawa wapi, kisha huonya walio hai kuhusu mashamba, ndoa na ugomvi. Huweza kusema kwa saa kadhaa bila karatasi. Manguliechi ndiye omuswali aliyevuma kuliko wote katika kizazi kilichopita. Wasomi walimrekodi na hotuba zake zilisambaa kwa kanda. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kanda hizo zinastahili kuhifadhiwa kwa uangalifu uleule yanaopewa mawe ya makaburi ya Nairobi.

Malakisi na kaburi la Maeni

Elijah Masinde alikuwa mchezaji wa mpira aliyeiwakilisha Kenya katika Kombe la Gossage kabla ya kuwa nabii. Alipinga kazi ya kulazimishwa na kung'oa magugu kwa amri, akafungwa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akaachiwa mwaka 1947. Tarehe 10 Februari 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa walikusanyika Malakisi, polisi wakawafyatulia risasi. Watu 11 waliuawa. Siku chache baadaye Masinde alikamatwa, dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu. Moto huo wa Msambwa ulisambaa hadi kwa Wapokoti: Aprili 1950, huko Kolloa, Baringo, kiongozi wao Lukas Pkiech na wafuasi wake 28 waliuawa, pamoja na maafisa watatu wa Kizungu na askari mmoja Mwafrika.

Uhuru haukumtuliza Masinde. Serikali ya Kenyatta iliifungia dini yake mwaka 1968 na kumrudisha jela. Alifariki mwaka 1987 akazikwa kwao Maeni, Kimilili, ambako baadaye kaburi lake lilijengewa jengo la kumbukumbu. Ni kaburi linalotembelewa sana, na wanaolitembelea ni mchanganyiko wa kipekee: waumini wa Msambwa wanaokwenda kusali, wanafunzi wa shule, na wanasiasa wakati wa kampeni.

Muliro na Wamalwa

Wanasiasa wawili wakubwa wa Wabukusu walizaliwa upande wa Kimilili na wamezikwa Trans Nzoia, jambo linaloeleza historia ya ardhi kuliko hotuba nyingi. Masinde Muliro, aliyezaliwa mwaka 1922 Matili, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, akawa mmoja wa viongozi wa chama cha KADU, na mwaka 1991 akawa mmoja wa waanzilishi wa vuguvugu la FORD. Tarehe 14 Agosti 1992 alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi alipokuwa akirejea kutoka London, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Kaburi lake liko shambani kwake upande wa Cherang'any. Jina lake limebebwa na chuo kikuu kilichoko Kakamega na uwanja wa michezo wa Kanduyi, Bungoma, zilikofanyika sherehe za Madaraka mwaka 2024.

Michael Kijana Wamalwa, mbunge wa Saboti, alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache tu. Alifariki London tarehe 23 Agosti 2003 akiwa na umri wa miaka 58, na Septemba akazikwa kwa heshima za kitaifa katika shamba lake la Milimani, Kitale. Hospitali mojawapo ya rufaa mjini Kitale imepewa jina lake.

Wasio na kaburi

Vita vya mwisho havina mnara wala makaburi ya kutosha. Kati ya 2006 na 2008 kundi la wapiganaji lililojiita Sabaot Land Defence Force liliua mamia ya watu Mlima Elgon, chanzo kikiwa ugawaji wa mashamba ya Chebyuk. Machi 2008 jeshi lilianzisha Operesheni Okoa Maisha; wanaume walikusanywa kwa maelfu na kupelekwa kambi ya Kapkota kuchunguzwa, na wengi waliteswa. Kamanda wa kundi, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huohuo. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2011 ilieleza kwamba watu zaidi ya 300 walitoweka, wengine mikononi mwa wapiganaji na wengine mikononi mwa vyombo vya usalama.

Mahali ambapo mtu lazima azikwe bomani, kutoweka ni adhabu kwa familia nzima. Hakuna mazishi, urithi unakwama, na mjane hana cheti cha kifo. Sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka saba, lakini ni lazima mtu aende mahakamani kuomba hilo, na mahakama iko mbali na nauli ni pesa.

Utunzaji

Katiba ya 2010 iliweka viwanja vya makaburi chini ya serikali za kaunti, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu maeneo kama Chetambe kulindwa. Sheria zipo, kinachohitajika ni daftari. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zianze kwa kuandika majina yanayotajwa na wazee kuhusu Lumboka, Chetambe, Malakisi na Mlima Elgon kabla ya kununua saruji. Msomaji anayetaka kuzuru makaburi ya Muliro na Wamalwa akumbuke kwamba yamo katika mashamba ya familia zao: apige hodi langoni na kuomba ruhusa kwanza.