Rufiji kwenye mizani ya mataifa

Julai 1, 2020 Benki ya Dunia iliitoa Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha chini na kuiingiza katika uchumi wa kati wa ngazi ya chini. Pato la mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080 kwa kila mtu, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Zilizotuvusha ni dola 44. Siku hiyohiyo, katika orodha ya Umoja wa Mataifa, Tanzania iliendelea kuhesabiwa kati ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, kama ilivyokuwa tangu orodha hiyo ilipoanza Novemba 1971. Kwenye Shirika la Biashara Duniani ni hadithi nyingine: huko kila nchi hujitangazia yenyewe kama inaendelea au imekwishaendelea.

Mizani ni nyingi, basi, na hazikubaliani. Nazipima hapa kwa kutumia bonde la Rufiji na delta yake, ambayo tangu mwaka 2016 sehemu kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti. Naamini mahali hapa panaonyesha ni mizani ipi inamwona mtu na ipi inaona fedha tu.

Kupangwa madaraja na wengine si jambo geni huku. Mwaka 1922 Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, ikiwa katika daraja B, kwa hoja kwamba watu wake bado hawajaweza kusimama peke yao. Miongoni mwa watu hao walikuwemo Wandengereko na Wanyagatwa, ambao mchele wa bonde lao ulikuwa ukipelekwa Unguja karne nzima nyuma, na boriti za mikoko yao zikivushwa kwa majahazi kuezekea nyumba za Uarabuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili lugha ilibadilika. Januari 1949 Rais Truman wa Marekani alizungumzia maeneo yaliyo nyuma kimaendeleo. Mwaka 1952 Mfaransa Alfred Sauvy akaandika juu ya ulimwengu wa tatu. Mwaka 1964 nchi hizo zenyewe zikaunda Kundi la 77. Orodha ya 1971 ilitumia vigezo vitatu: pato lisilozidi dola 100 kwa mtu, viwanda visivyozidi asilimia 10 ya pato la taifa, na watu wazima wanaojua kusoma wasiozidi asilimia 20.

Wakati vigezo hivyo vikiandikwa, Rufiji ilikuwa imetoka tu kuhamishwa. Mafuriko makubwa ya 1968 yalifuatwa na Operesheni Rufiji ya 1969, na watu wakatolewa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa vya nchi ya juu. Serikali iliona maji kama adui. Mkulima wa Rufiji alikuwa na hesabu nyingine. Maji yanapopungua huacha tope jeusi, naye hupanda mlau: mahindi, kunde na maboga, vinavyoota kwa unyevu uliobaki bila kusubiri mvua. Hulala shambani kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili alinde mazao dhidi ya ngedere na nguruwe. Aliyehamishiwa juu aliliacha shamba mbali, na wanyama wakala. Kjell Havnevik, aliyelichunguza bonde hili kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1993 kitabu kizima kuhusu mipaka ya maendeleo yanayoletwa kutoka juu, na Rufiji ndiyo mfano wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 likaja jaribu jingine. Kampuni moja iliomba hekta 10,000 za delta ili ifuge kamba. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri mradi ukataliwe, serikali ikauidhinisha, wananchi wa delta wakaenda mahakamani. Mradi haukufanyika. Ungefanyika, pato la taifa lingepanda, kwa sababu kamba wa bwawani huuzwa na kuandikwa. Mkoko uliosimama, unaowalea kamba wa baharini na kuzuia mawimbi, hauandikwi popote katika hesabu hiyo. Huu ndio udhaifu wa mizani ya dola. Tena hata dola zenyewe hutegemea mhesabuji: Desemba 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilibadili mwaka wa kizio, na uchumi wa Tanzania ukaonekana mkubwa kwa zaidi ya robo bila shamba hata moja kuongezeka.

Orodha ya Umoja wa Mataifa imekua tangu 1971. Leo pamoja na pato inapima vifo vya watoto chini ya miaka mitano, udumavu, vifo vya uzazi na elimu. Inapima pia hatari: watu wanaoishi nyanda za chini za pwani, uchumi unaotegemea kilimo na uvuvi, mavuno yanayoyumba, watu wanaokumbwa na maafa.

Kuhusu vifo vya watoto Rufiji ina la kufundisha. Kuanzia 1998, kutoka kituo cha Ikwiriri, wadodosi walipita nyumba kwa nyumba kila miezi minne wakiwafuatilia watu zaidi ya 80,000: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Palipotokea msiba waliwauliza ndugu dalili za marehemu. Ikaonekana malaria inaua kuliko sehemu yake katika bajeti ya wilaya. Wakuu wa afya wakahamisha fedha, wakapata nyongeza ndogo, na vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Wastani wa pato usingeyaeleza hayo.

Kuhusu hatari, Aprili 2024 ilitosha. Mto ulifunika nyumba na mashamba ya Muhoro, Chumbi na vijiji vya Kibiti, miaka minne baada ya sherehe ya uchumi wa kati.

Mwaka huohuo Tanzania ilitimiza kwa mara ya kwanza masharti ya kutoka kwenye orodha. Itapimwa tena 2027. Ikifaulu, njia ya kuondolewa itafunguka, na siku moja tutapoteza nafasi ya kuuza Ulaya bila ushuru inayotolewa kwa nchi hizi tangu 2001. Kabla ya hapo, takwimu za udumavu, vifo vya uzazi na maafa zitolewe hadi ngazi ya kijiji, na visiwa vya delta vitenganishwe na miji ya barabara ya lami, ili Salale na Kiongoroni visipimwe kwa wastani wa Kibiti mjini.