Samaki wa Mto Bubu

Maji ya nyanda za Mbulu na Hanang hupata njia ya kusini kwa Mto Bubu, hadi kinamasi cha Bahi. Mvua zinyeshapo, vidimbwi vya bonde hilo hujaa, na humo huibuka samaki mdogo asiyezidi urefu wa kidole, dume lake likiwa na rangi za kuvutia. Kiangazi humuua, mayai yake hubaki topeni yakingoja mvua nyingine.

Mjerumani Oscar Neumann alipita nchi hizi kati ya 1893 na 1895, akakusanya samaki. Franz Hilgendorf aliwachunguza Berlin; akafariki 1904, na kazi yake ikachapishwa 1905. Ndipo samaki huyo, ambaye leo huitwa Nothobranchius neumanni, akapewa jina la neumanni, kwa heshima ya msafiri. Unguja nayo ina ndugu yake, guentheri, aliyepewa jina la mtaalamu wa London mwaka 1893.

Jamaa hawa leo hufugwa majumbani, Ulaya na Marekani, katika matangi ya vioo, kama beta wa Thailand. Lakini beta dume huyalinda mayai katika povu juu ya maji. Mayai ya samaki wa Bubu huhitaji kiangazi: mfugaji huyatoa pamoja na mboji, huikamua, huihifadhi ikiwa na unyevu kwa miezi, kisha huirudishia maji.

Kidimbwi, basi, ni hazina hata kikikauka. Kikifukiwa kwa shamba au barabara, hufukiwa pamoja na kizazi cha mwaka ujao.