Mwalimu Aliyebisha Hodi

Portage ni mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani, uliozungukwa na mashamba. Mwaka 1969 waelimishaji wa huko walianza kazi ya kuwafundisha watoto wenye ulemavu ambao hawajafikia umri wa shule. Watoto wenyewe walikuwa wametawanyika katika eneo la takriban kilomita za mraba 9,300. Kuwakusanya kwenye darasa moja kungekuwa kuwachosha barabarani kila siku, na wengine walikuwa bado wachanga.

Basi wakaamua mwalimu ndiye asafiri.

Kila wiki alibisha hodi na kukaa kwa saa moja na nusu hivi. Yeye na mzazi walichagua jambo ambalo mtoto angeweza kulimudu kabla ya wiki kwisha. Tuseme ni kuvua soksi. Mwalimu alimwacha mtoto ajaribu peke yake kwanza, akaandika amefika wapi. Kisha akaonyesha njia: soksi inashushwa mpaka karibu na vidole, mtoto anabakiwa na kazi ya kuivuta tu, na akiivuta anapongezwa papo hapo. Akishazoea, soksi inaachwa kwenye kisigino, baadaye kwenye kifundo cha mguu. Mwalimu akishamaliza kuonyesha, alisogea pembeni, na mama akajaribu mbele yake. Hatua hii ndiyo iliyokuwa kiini cha kazi yote, kwa sababu siku sita zilizobaki mwalimu hakuwepo. Aliacha karatasi inayosema nini kifanywe, mara ngapi kwa siku, na alama ziwekwe vipi. Wiki iliyofuata mazungumzo yalianzia kwenye karatasi hiyo. Mtoto akishindwa, hakulaumiwa yeye wala mama yake. Lengo ndilo lililogawanywa likawa dogo zaidi.

David na Marsha Shearer, waliokuwa miongoni mwa waelimishaji hao, walieleza kazi hiyo kwa maandishi mwaka 1972, wakati mradi ulipokuwa ukihudumia watoto 75. Toleo la mwaka 1976 la vifaa vyake lilikuwa na kadi 580, kila moja ikibeba stadi moja, kuanzia zile za mtoto mchanga hadi za mwenye miaka sita.

Ili kuona uzito wa jambo hili, inafaa kukumbuka zama zenyewe. Familia nyingi za Marekani zilikuwa zimeshauriwa na madaktari kumpeleka mtoto mwenye ulemavu wa akili akalelewe kwenye taasisi, mbali na ndugu zake, na shule za umma ziliweza kumkataa. Sheria ya kumhakikishia kila mtoto mwenye ulemavu elimu ilitiwa saini na Rais Gerald Ford mwezi Novemba 1975. Ndiyo iliyoagiza mpango wa masomo wa kila mtoto uandikwe katika kikao ambacho mzazi ana haki ya kuhudhuria. Wazazi wa Portage walikuwa wamekaa na mwalimu kupanga masomo miaka sita kabla ya hapo, tena nyumbani kwao.

Mwaka 1976 utaratibu wa Portage ulivuka bahari ukafika kusini mwa Uingereza na Wales. Huko ndiko maswali magumu yalikoulizwa. Mama aliyekuwa na kazi za nyumbani na watoto wengine sasa alibebeshwa na ualimu. Baba mara nyingi alikuwa kazini mwalimu anapofika. Na kadi zilikuwa zimeshaamua kipi kinafaa kujifunzwa. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Taratibu walimu wengi walijifunza kuanza na swali la familia inataka nini, kwa kuwa kwa mzazi fulani usingizi wa usiku ulikuwa muhimu kuliko mtoto kujua kujenga mnara wa vipande vya mbao.

Jamaika ilikwenda mbali zaidi. Daktari Marigold Thorburn alianzisha mradi wa namna hiyo jijini Kingston mwaka 1975, ambako walimu waliosomea elimu maalumu walikuwa adimu. Akawafunza wanawake wa mitaa ileile, wasio na shahada, wawe ndio watembeleaji wa nyumba. Miaka kumi baadaye, mradi mwingine alioushughulikia ulianza Spanish Town, na miongoni mwa waliofunzwa humo walikuwamo wazazi wa watoto wenye ulemavu, walioanza kuzitembelea familia za wenzao.