Gari la Kwanza Huchaguliwa Gereji

Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi aliyepata leseni juzi akiuliza aanze na gari gani, majibu hufanana, yote ya Toyota: Vitz, IST, Passo, Corolla ya zamani, au Probox kama ana mizigo ya kubeba. Jibu hutoka upesi kiasi kwamba wengi hulichukulia kuwa mazoea tu, au sifa ya viwanda vya Japani. Naona lina mizizi mirefu zaidi. Ukifuatilia historia ya magari madogo katika Afrika Mashariki, utakuta uimara wa gari haukuwahi kutoka kiwandani ukiwa umekamilika. Nusu yake imejengwa hapa hapa, na mafundi, wauza spea, bandari na barabara zetu. Kila kizazi cha madereva wapya kimenunua gari ambalo waliotangulia walikuwa wameshajifunza kulifungua na kulifunga.

Tuanzie kwenye mbio za magari, kwa sababu kwa muda mrefu ndizo zilizokuwa mtihani wa hadharani wa gari lipi linaivumilia ardhi hii. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen Beetle, gari la bei ndogo, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Injini yake ilipozwa kwa hewa, hivyo haikuwa na rejeta ya kuvuja, na ilikaa nyuma, ikiyakandamiza magurudumu yanayosukuma yasiteleze ovyo kwenye tope. Baadaye ikaja zamu ya Peugeot 404, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mashindano ya 1963 na ya 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mtu aliyesikia habari hizo redioni hakuhitaji tangazo la biashara. Mwaka 1970 Datsun ikashinda, ikarudia 1971 na 1973, kisha ikatwaa miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mjapani alikuwa ameingia, naye aliingia kwa kupita kwenye vumbi lile lile alilopita Mfaransa.

Hata hivyo ushindi wa mbio ulileta sifa, haukuleta mafundi. Hao walitokana na kazi ya kila siku. Peugeot 404 na 504 za stesheni wagoni zilipakia abiria kati ya miji ya Kenya na Uganda mwaka baada ya mwaka, zikijazwa kupita kiasi, na kila zilipoharibika palikuwa na mtu chini ya mti aliyelazimika kuziponya kwa alichonacho. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni maalumu ya kubeba abiria, na kazi ya gereji za jua kali ikaongezeka pamoja nazo. Katikati ya miaka ya 1970 vikaanzishwa viwanda vya kuunganisha magari huko Thika, Nairobi na Mombasa, magari yakija vipande vipande na kufungwa hapa. Ufaransa iliacha kutengeneza sedani ya 504 mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi baadaye. Gari lililokuwa limestaafu kwao lilibaki kuwa la kutegemewa kwetu, kwa sababu ujuzi wake ulikuwa umeshahamia huku.

Upande wa Tanzania njia ilikuwa nyembamba zaidi. Fedha za kigeni ziliadimika, vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilizimaliza kabisa, na raia wa kawaida hakuwa na namna ya kuagiza gari. Spea zilipokosekana fundi alichonga, alichomelea, alihamisha kifaa cha gari moja kwenda jingine. Huo ulikuwa wakati wa dhiki, na sitaki kuupamba. Lakini ndio uliolea kizazi cha mafundi wasioogopa injini. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na pikapu zikawa miongoni mwa vitu vya mwanzo kumiminika. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi mlango ukafunguliwa zaidi. Kenya nayo ililegeza udhibiti wa fedha za kigeni mapema miaka ya 1990, na magari ya mtumba kutoka Japani yakapata bahari wazi.

Kwa nini Japani? Sheria zake zenyewe ndizo zinazoyasukuma magari nje. Gari jipya la kawaida hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi pamoja na matengenezo yake humfanya mwenye gari aone afadhali abadilishe. Gari hutoka likiwa na kilomita chache na limetunzwa kwa ratiba. Tena Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi tuliorithi utaratibu wa Waingereza, kwa hiyo usukani hauhitaji kuhamishwa. Wafanyabiashara, wengi wao Wapakistani waliojikita Japani na Dubai, wakaunganisha minada ya huko na bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Burundi inatoa ushahidi mzuri wa nguvu ya mtandao huu: magari hupita upande wa kulia wa barabara, lakini Toyota zenye usukani wa kulia zimejaa, kwa kuwa gari na spea zake hupatikana kwa urahisi kupitia Dar es Salaam.

Atakayenipinga atasema nazunguka mbuyu: Toyota zinapendwa kwa kuwa ni imara, basi. Imara ni kweli. Lakini angalia injini ya D-4, inayopuliza petroli kwa shinikizo kubwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ni ya Toyota, imetoka nchi ile ile, na ilifungwa kwenye baadhi ya Premio na Noah. Ilipofika huku ikakutana na mafuta yasiyo safi sana na mafundi wasio na vifaa vyake, ikapata jina baya hadi wanunuzi wakawa wanaonywa wasiiguse. Linganisha na injini ya 1NZ ya cc 1500, iliyofungwa kwenye IST, Probox, Corolla, Raum, na Premio na Allion ndogo. Injini moja kwenye magari mengi maana yake ni kwamba fundi aliyeizoea Probox ya mizigo anaweza kufungua IST ya mwalimu bila kubahatisha, na spea za gari moja zitasaidia jingine. Nenda Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi au soko la Kisekka Kampala uulizie vifaa vya 1NZ, hutamaliza mtaa. Kiwanda ni kile kile, matokeo yamekuwa mbalimbali, na tofauti ameileta fundi na duka la spea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mtumba uliviua viwanda vyetu. Ni kweli kwamba baada ya soko kufunguliwa viwanda vya Kenya vilifanya kazi chini sana ya uwezo wake, na hasara hiyo haipaswi kudharauliwa. Volkswagen ilirudi Thika mwaka 2016 kuunganisha Polo Vivo, lakini gari jipya, hata likiunganishwa nyumbani, halikuwa la mtu anayeanza maisha kwa mshahara wa mwalimu au muuguzi. Serikali zimejaribu kubana kwa umri: Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8, Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15, na Tanzania ikachagua kuyatoza ushuru wa ziada magari yaliyozeeka. Kila sheria imebadilisha gari la kwanza la watu wake. Mkenya mwenye fedha kidogo hulazimika kutafuta gari lililokwisha kutumika humo humo nchini. Mtanzania anaweza kuagiza la miaka mingi, alilipie ushuru, au anunue mkononi mwa mtu, akiulizia kama ni namba C au namba D, yaani herufi ya usajili inayoonyesha gari lilisajiliwa nchini kipindi gani.

Umaarufu nao una gharama yake, na hapa ushauri wa mtaani hupungukiwa na ukweli. Gari ambalo kila mtu analitaka halishuki bei upesi, kwa hiyo dereva mpya hulipia jina. Mazda Demio au Nissan March ya umri ule ule mara nyingi huuzwa nafuu kuliko Vitz. Tena soko linalofanya spea za Toyota zipatikane kirahisi ndilo linalowapa wezi wa vioo vya pembeni mahali pa kuuza. Kwa mtu anayekaa Nairobi, ambako mafundi wa Mazda na Nissan si haba, Demio iliyotunzwa inaweza kuwa uamuzi bora kuliko Vitz iliyochoka. Kwa anayekaa Tunduru au Lodwar sitampa ushauri huo, maana huko gari linalofahamika na watu wachache likilala litalala wiki nzima likisubiri kifaa kije kwa basi.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kununua, nenda kwa fundi kabla hujaenda yadi. Muulize ni injini zipi anazozifungua kila wiki, zipi anazikataa, na kifaa kikivunjika atakipata duka gani na kwa siku ngapi. Kisha mlipe aje kulikagua gari lenyewe, kwa sababu kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma.