Gitaa la Mapajani na Mpango wa Nyuzi Zake

Chombo cha muziki kisafiripo kutoka taifa moja hadi jingine, mara nyingi hufika bila mwalimu wake. Wakipokeao huwa na njia mbili: kukipiga kama wenyewe walivyokipiga, au kukitengeneza upya ili kiseme lugha yao. Gitaa la mapajani ni mfano mwema wa njia ya pili, na vijana wa Chaka, Karatina na Nanyuki wana sababu ya kuijua historia yake.

Gitaa lilifika visiwa vya Hawaii katika miaka ya 1830, likiletwa na wachunga ng'ombe waliotoka Mexico kuwafundisha wenyeji kazi ya mifugo. Wenyeji hawakuridhika na mpango wa nyuzi walioukuta. Walilegeza baadhi yake hata zote sita, zikipigwa bila kubonyezwa, zikatoa sauti zinazopatana. Joseph Kekuku, aliyezaliwa Laie mwaka 1874, akaongeza jambo kubwa zaidi. Yasimuliwa kwamba alikuwa akitembea kando ya reli, akaokota kipande cha chuma, nacho kilipogusa nyuzi za gitaa lake kikatoa sauti ya kuteleza. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya Kamehameha alijitengenezea chuma laini, akalilaza gitaa mapajani, akakitelezesha chuma hicho juu ya nyuzi. Mwaka 1904 akaenda Marekani bara kuueneza upigaji huo.

Mambo hayo hayakutokea wakati wa raha. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa mwaka 1893. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Na mwaka 1898 visiwa vikatiwa chini ya Marekani. Watu waliokuwa wakinyang'anywa nchi na lugha walibaki na nyimbo zao, na nyimbo hizo ziliimbwa kwa chombo cha kigeni kilichokwisha kufanywa cha kwao.

Jazi ilipovuma katika miaka ya 1920, wapigaji walikutana na tatizo. Mpango wa zamani ulitoa sauti tatu tu zinazopatana, na jazi hutaka nne au tano kwa pamoja. Mpiga gitaa la kawaida ana vidole vinne vya kubonyezea. Huyu wa mapajani ana chuma kimoja kilichonyooka. Asichoweza kukipata kwa vidole hana budi kukitia katika nyuzi zenyewe kabla ya kuanza. Basi Sol Hoopii, mzaliwa wa Honolulu aliyehamia California, alibuni mpango mwingine, na katika miaka ya 1930 ukaenea ule wenye noti za C, E, G na A. Faida yake ni hii: noti hizo nne zikilia huku mpiga besi akishika C, tunasikia mapatano ya furaha, akishika A, yanageuka kuwa ya huzuni, akishika F, yanakuwa mapana kama anga. Chuma hakikusogea hata kidogo. Kwa hiyo anayejifunza wimbo wa jazi hupanga kwanza noti ya wimbo iangukie uzi wa juu, kisha huchagua nyuzi mbili tatu chini yake, na zilizobaki huwaachia wenzake.

Tugeukie sasa nchi ya Mlima Kenya. Wakikuyu walikuwa na wandindi, chombo cha uzi mmoja, kabla ya gitaa kujulikana. Mwaka 1930, mwaka ule ule reli ilipofika Nanyuki, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku muthirigu, wimbo na ngoma ya kuwapinga wamisionari na watawala. Watu hawakunyamaza. Walichukua kodiani ya Wazungu, wakaiunganisha na mlio wa pete ya chuma iitwayo karing'aring'a, na hivyo wakacheza mwomboko. Baadaye gitaa likashika nafasi, na leo mpigaji mmoja peke yake aweza kuukesha umati kwa mugithi, neno ambalo maana yake ni garimoshi, kwa kuwa wachezaji hushikana mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa. Nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani nazo zina wapenzi wengi katika miji hii. Ile sauti ya kuteleza isikikayo ndani yake ni ya gitaa la chuma, mjukuu wa gitaa la Kekuku.

Hata hivyo, ujuzi kama huu hupotea upesi. Katika Hawaii yenyewe vijana waliojifunza gitaa la mapajani walikuwa wamepungua sana, hata Jerry Byrd, Mmarekani wa Ohio, alipohamia huko mwaka 1972 akaanza kuwafundisha. Nyimbo zilikuwa zimehifadhiwa katika sahani za santuri, lakini sahani haimwambii msikilizaji nyuzi zilikazwa vipi. Hilo hujulikana na aliyezikaza. Wazee waliopiga kodiani na gitaa bado wapo kati ya Nyeri na Nanyuki. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu aweza kumwuliza mmoja wao ataje noti ya kila uzi, kuanzia wa chini hadi wa juu, akaziandika pamoja na jina la wimbo. Kazi hiyo ni ya alasiri moja, nayo haiwezi kufanywa mzee akiisha kufa.