Singe ya AKM

Singe ya AKM ni kisu cha kijeshi kilichoundwa katika Umoja wa Kisovyeti kwa ajili ya bunduki ya AKM, iliyoanza kutumiwa mwaka 1959. Singe ya AK iliyoitangulia, 6Kh2, ilikuwa na bapa la takriban sentimita 20 na ilikusudiwa hasa kuchoma. Hii mpya, 6Kh3, ilifupishwa hadi sentimita 15 hivi, ikawa pia kifaa cha kazi: mgongo wa bapa una meno ya msumeno.

Alama yake kuu ni tundu refu karibu na ncha. Tundu hilo huvishwa kwenye kijiti cha chuma kilicho mwishoni mwa ala, kisu na ala vikawa mkasi wa kukatia seng'enge. Kwa kuwa waya huenda ukawa na umeme, mpini ni wa plastiki na ala ya mwanzo, iliyokuwa ya chuma, ilivikwa mpira ili askari asipigwe shoti. Toleo lililofuata, 6Kh4, kwa kawaida lina ala nzima ya plastiki ngumu, mara nyingi ya rangi nyekundu-kahawia. Ubunifu huu wa mkasi ni wa hali ya juu, na Wamarekani nao waliutumia kwenye singe yao ya M9 katika miaka ya 1980.

Singe za aina hii zilitengenezwa pia Poland, Bulgaria, Romania na Ujerumani Mashariki, na katika kutambua ilikotengenezwa kila moja ndipo wakusanyaji wengi hukwama. Ni vyema kuanza na umbo la mpini, ala na mkanda wake, kisha ndipo mihuri isomwe, kwa sababu muhuri ni rahisi kughushi kuliko umbo. Mshale ndani ya pembetatu ni alama ya kiwanda cha Kisovyeti cha Izhevsk. Nyota ni ya kiwanda cha Tula, nacho cha Kisovyeti. Singe nyingi za Ujerumani Mashariki zina namba kwenye kisu na kwenye ala. Namba hizo zikilingana, thamani hupanda. Zisipolingana, vipande vimekutanishwa baadaye, jambo ambalo muuzaji mwaminifu hulisema mapema.

Makali mapya hayaongezi thamani. Singe nyingi ziligawiwa bila kunolewa, hivyo bapa lililopitishwa kwenye jiwe la kunolea limeshapoteza sehemu ya ushahidi wake. Kutu nyepesi huondolewa kwa mafuta na kitambaa, kamwe si kwa msasa.